Homoni haisomwi peke yake: shajara ya majuma 9 ya kufundisha

Kabla ya kuanza

Nina majuma 9 na wanafunzi 12 wa udaktari wa mwaka wa 4. Katika muda huo wanatakiwa wajue kutambua na kutibu kisukari, magonjwa ya tezi dundumio (tezi ya shingoni), adrenali (tezi zilizo juu ya figo) na pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo), kalsiamu iliyopanda au kushuka, na magonjwa machache ya umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula, ambayo mtoto huzaliwa nayo. Somo hili nimelifundisha miaka mingi kwa mihadhara na mtihani wa kuchagua jibu. Wanafunzi hufaulu. Halafu nakutana nao wodini wakiwa madaktari wapya, wameshika karatasi ya maabara, macho yanatafuta ile alama ya "juu" au "chini" pembeni ya namba, na dawa inaandikwa kwa ajili ya alama hiyo. Ndiyo maana nimelibomoa somo lote.

Lengo nililoliandika ukurasa wa kwanza wa daftari ni moja: mwanafunzi akitoka hapa, asiweze kuisoma namba ya homoni kabla hajauliza damu ilitolewa saa ngapi na homoni mwenzake inasemaje. Nitaandika humu yatakayokwenda sawa na yatakayokwama, ili atakayefundisha baada yangu asianze na mikono mitupu.

Juma la 1, Jumatatu

Leo sikufundisha. Niliwagawia karatasi tatu za majibu ya maabara na kuwapa dakika 20, kila mtu aandike anafikiri nini na atafanya nini.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na TSH (homoni inayoiamuru tezi dundumio) 0.2 na T4 huru (homoni ya tezi yenyewe) 7, zote mbili chini ya kiwango cha kawaida. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika kwamba tezi dundumio imezidisha kazi, kwa sababu walikwisha kukariri kuwa TSH ikishuka tezi imezidi. Mmoja alipendekeza mgonjwa aanzishiwe kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi. Mgonjwa wa karatasi ile angezidi kuzama. TSH hutoka kwenye pituitari, na pituitari ni kama msimamizi wa kazi: fundi akizembea, msimamizi hupaza sauti, fundi akizidisha, msimamizi hunyamaza. Hapa fundi amelala na msimamizi naye kanyamaza. Kwa hiyo anayepaswa kuchunguzwa ni msimamizi, pamoja na kazi zake nyingine zote, na ya kwanza kati ya hizo ni kuiamuru adrenali itoe homoni yake, kortisoli.

Karatasi ya pili niliandika mstari mmoja tu: kortisoli 180. Sikuandika saa. Wote 12 walitoa majibu, hakuna aliyeuliza. Damu hiyo ikiwa ilitolewa saa 2 asubuhi, namba ni ndogo kiasi kwamba nitaagiza kipimo cha kuichokoza adrenali nione kama inaitikia. Ikiwa ilitolewa saa 6 usiku mgonjwa amelala, namba ni kubwa, na nitaanza kufikiria ugonjwa wa Cushing, yaani kortisoli iliyozidi. Namba ni ileile, magonjwa mawili yaliyopeana mgongo.

Ya tatu ilikuwa sukari ya 8.4, kwa milimoli kwa lita. Nusu waliandika kisukari. Kama mtu hajala tangu jana usiku, 7.0 na kuendelea ni kisukari, ingawa asiye na dalili lazima apimwe tena kabla ya kubandikwa jina hilo la maisha. Kama ametoka kula, 8.4 haithibitishi kitu. Mpaka ifike 11.1, na dalili ziwepo.

Wakati wa kutoka, mwanafunzi mmoja wa kike alinifuata mlangoni. "Mwalimu, mbona karatasi ya kortisoli haikuwa na saa? Ilikuwa pungufu." Nikamwambia karatasi za wodini ndivyo zinavyokuja, na wa kuzijaza ni yeye. Alisimama kidogo, akaandika kitu kwenye kijitabu chake, akaenda.

Juma la 1, Alhamisi

Nimechora mraba mkubwa sakafuni kwa chaki. Upande mmoja TSH, upande wa pili T4, kila pembe ina mchanganyiko wake. Natoa majibu, mwanafunzi anakwenda kusimama kwenye pembe anayoona ni yake na kueleza kwa nini. Nilidhani watu wazima wataona ni mchezo wa watoto. Wamebishana saa nzima, na nimewaacha wabishane.

Pembe mbili za kwanza zilikuwa rahisi: TSH juu na T4 chini, tezi imechoka, TSH chini na T4 juu, tezi imezidi. Ya tatu, zote chini, walikuwa wameshaionja Jumatatu, ila nimewaongezea kwamba mgonjwa mahututi wa ugonjwa mwingine kabisa anaweza kusimama hapohapo, na tezi yake ni nzima. Aliye chumba cha wagonjwa mahututi asipimwe tezi bila sababu ya msingi.

Pembe ya nne ndiyo iliyonipa furaha. TSH juu na T4 juu. Waliosimama pale walitaja uvimbe wa pituitari unaotoa TSH, jambo lipo lakini ni adimu sana. Nikawauliza: je, mgonjwa wa tezi iliyochoka aliyeacha vidonge vyake vya levothairoksini (T4 ya dawa) miezi miwili, halafu siku tatu kabla ya kliniki akavimeza kwa pupa ili daktari asimgombeze? T4 inapanda kwa siku chache. TSH inachukua majuma. Karatasi inaonyesha historia mbili kwa wakati mmoja, ya majuma na ya juzi. Darasa lilitulia. Kuna aliyesema polepole, "Kwa hiyo TSH ina kumbukumbu." Ndiyo, ina kumbukumbu, na nimeliandika neno hilo ubaoni likae.

Kutokana na hilo, kanuni za dawa zimeshika zenyewe bila kukaririshwa. Nusu ya levothairoksini iliyomo mwilini huisha kwa takriban siku 7, kwa hiyo ukibadilisha dozi leo huna haki ya kupima TSH kabla ya majuma 6. Na mgonjwa wa Graves (kinga ya mwili inaisukuma tezi izidishe kazi) aliyeanza kabimazoli anaweza kubaki na TSH iliyozama kwa miezi hata kama T4 imekwisha kurudi. Anayefuata TSH peke yake atampa dawa mpaka tezi ilale kabisa.

Juma la 2, Jumatano

Nataka kuandika tukio la leo kwa kirefu kwa sababu limebadilisha mradi.

Kliniki alikuja mama mmoja anayetumia insulini kwa miaka mingi. Sukari haishiki. Asubuhi 15, mchana 4, kesho yake 18. Wanafunzi wanne waliokuwa nami walilisoma faili vizuri, wakakokotoa, wakakata shauri: dozi ya jioni iongezwe kutoka uniti 40 hadi 46. Hesabu ilikuwa safi. Nikawaambia kabla ya kuongeza hata uniti moja, waombe waonyeshwe.

"Shikamoo, mama. Tunaomba utuonyeshe unavyojidunga," alisema mmoja wao.

Mama alichukua kalamu yake ya insulini. Ile insulini ya rangi ya maziwa hakuigeuzageuza. Iliyotuama chini ilibaki chini. Kidole gumba kikaenda moja kwa moja upande wa kushoto wa kitovu, mahali palepale, bila kutafuta. "Hapa hapaumi," akasema, kama mtu anayetaja siri nzuri aliyoigundua mwenyewe.

Kwa macho tumbo lilikuwa la kawaida. Niliwaambia wapake jeli kidogo na kupitisha vidole vilivyolala, taratibu, kutoka pembeni kuelekea kitovu. Wa kwanza alipita bila kusema kitu. Wa pili alisimama, akarudi nyuma, akapita tena. "Kuna bonge." Kubwa kama nusu ya kiganja, gumu kiasi, linabonyea kama mpira. Kulia lilikuwapo jingine dogo zaidi. Ni mafuta yaliyokua kwa sababu ya kudungwa mahali pamoja mwaka baada ya mwaka. Sindano haiumi pale, ndiyo maana mgonjwa hupapenda, lakini insulini inayoingia humo hunyonywa kwa kubahatisha: leo kidogo, kesho yote kwa mpigo. Ile 15, 4 na 18 ilikuwa imeandikwa kwenye ngozi ya tumbo lake.

Mwanafunzi aliyekokotoa uniti 46 alitaka mama ahamie sehemu nyingine na kuanza na dozi hiyo mpya. Hapo nilimshika mkono. Mahali penye afya insulini itanyonywa yote. Uniti 40 zilezile zinaweza kumwangusha usiku wa kwanza. Tulipunguza kwa karibu sehemu moja ya tano, tukamwomba apime mara nyingi zaidi juma hili, tukachora naye ramani ya sehemu za kuzungukia, na kumwonyesha namna ya kuviringisha kalamu mara 10 na kuigeuza mara 10 mpaka dawa iwe nyeupe sawasawa.

Walimuuliza ni lini mtu alimtazama akijidunga. Siku ya kwanza alipoanzishiwa insulini, alijibu. Tangu hapo kila mtu amekuwa akitazama daftari la sukari.

Nimekwenda nyumbani nikaongeza swali la tatu kwenye ukurasa wa kwanza, baada ya saa na homoni mwenzake: dawa inaingiaje mwilini? Mwanafunzi haruhusiwi kupendekeza dozi mpya ya insulini katika somo langu mpaka awe ameona sindano ikiingia na kupapasa sehemu inapoingia.

Juma la 2, Ijumaa

HbA1c, dakika 40. Chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120 na kipimo hiki ni sukari iliyonata humo, kwa hiyo chochote kinachofupisha maisha ya chembe kinaishusha namba bila sukari kushuka. Mgonjwa wa selimundu anaweza kuwa na HbA1c nzuri na sukari mbaya. Upungufu wa madini ya chuma huweza kuipandisha. Asilimia 6.5 ni kisukari kwa mwenye chembe zinazoishi umri wake. Wamelipokea hili haraka, labda kwa kuwa neno "kumbukumbu" bado liko ubaoni.

Juma la 3, Jumanne

Zoezi la dharura ya kisukari yenye ketoni, asidi ambazo mwili hutengeneza kutokana na mafuta unapokosa insulini. Nililiandaa kwa karatasi za saa kwa saa: kundi linapokea karatasi ya saa 0, linaandika maagizo, ndipo linapewa karatasi ya saa 1 kulingana na walichoagiza. Mgonjwa ni kijana wa miaka 19, ametapika siku mbili, anapumua kwa kina na kwa haraka, pumzi ile aliyoieleza daktari Kussmaul mwaka 1874. Sukari 27, pH 7.08 na baikaboneti 7 (damu imejaa asidi), ketoni 6.2, potasiamu 3.1.

Makundi yote matatu yalianza vema na maji: lita 1 ya normo salini (maji ya chumvi ya mshipani) saa ya kwanza, mtu mzima ambaye moyo na figo zake ni nzima. Makundi mawili yakaandika na insulini papo hapo, uniti 0.1 kwa kila kilo kwa saa. Karatasi yao ya saa 1 ilikuwa na potasiamu 2.4 na mchoro wa moyo uliovurugika. Hakuna aliyezungumza.

Potasiamu ndiyo moyo wa ugonjwa huu, na inadanganya. Mwili mzima umepungukiwa, imetoka kwa mkojo na matapishi, lakini kwa kukosa insulini iliyobaki imetoka ndani ya seli kuja kwenye damu, hivyo mara nyingi namba huonekana ya kawaida au hata ya juu. Mwenye 3.1 kabla ya tiba amekaukiwa kabisa. Insulini ikiingia inairudisha potasiamu ndani ya seli, na damu inabaki tupu. Ikiwa chini ya 3.5, insulini inasubiri, potasiamu inatangulia, huku ukiangalia mkojo unatoka. Nimewataka waandike hilo kwa mkono wao. Na nimewaonya kwamba mtoto si mtu mzima mdogo katika jambo hili: maji yake huhesabiwa kwa mwongozo wa watoto, kwa sababu ubongo wake unaweza kuvimba.

Juma la 3, Alhamisi

Kosa ni langu na linahitaji kuandikwa. Karatasi zangu ziliishia saa ya 6, sukari ikiwa 12. Nilipouliza mwishoni kazi imekwisha au la, wote walisema imekwisha. Nani aliwafundisha hivyo? Zoezi langu. Lilifungwa pale sukari iliposhuka, nao wakajifunza kuwa sukari ndiyo mwisho wa safari.

Nimekaa usiku mbili kuongeza karatasi. Sasa saa ya 5 sukari inafika 13 na ketoni bado ni 3.4. Anayezima insulini hapo, saa ya 8 anampata mgonjwa akipumua tena kwa kina. Jibu ni kuongeza glukosi kwenye dripu sukari inaposhuka chini ya 14, insulini ipunguzwe lakini iendelee, mpaka ketoni ziwe chini ya 0.6 na asidi iwe imeondoka. Nimeongeza pia karatasi ya mpito: kijana ameanza kula, anaweza kurudi kwenye sindano za chini ya ngozi. Insulini ya mshipani huisha kwa dakika chache. Ile ya muda mrefu ya chini ya ngozi huchukua muda kuanza. Ni lazima adungwe ya ngozi kwanza, dripu izimwe baada ya saa 1 hadi 2. Ukizima kwanza, umemwacha bila insulini kabisa, na mzunguko wote unaanza upya usiku wakati wewe umeshaondoka.

Juma la 4

Juma fupi. Uandishi wa dawa. Nimewaonyesha maandishi ya "10U" ambapo herufi inasomeka kama sifuri na mgonjwa anapata 100. Hapa tunaandika neno zima, uniti. Yeyote anayefupisha anarudia karatasi nzima, na sina huruma katika hilo.

Ijumaa, mzee anayetumia glibenklamidi, kidonge cha kisukari, figo zimechoka, aliletwa hajitambui na sukari ya 1.9. Akapewa glukosi mshipani, akafumbua macho, akaomba kurudi nyumbani. Wanafunzi walikuwa tayari kumwandikia ruhusa. Dawa ile bado imo mwilini, figo haziitoi, itaendelea kulikamua kongosho usiku kucha. Tumemlaza, sukari kila saa. Saa 4 usiku ilishuka tena hadi 2.7, na waliokuwa zamu ndio walioiona.

Juma la 5, Jumatatu na Jumanne

Adrenali. Nilianza na Thomas Addison, London, mwaka 1855. Wakati ule hakuna aliyejua kortisoli ni nini. Aliunganisha udhaifu, kukonda na ngozi iliyokoza rangi na adrenali zilizoharibika alizoziona baada ya wagonjwa kufa. Alitumia macho. Lakini picha nyingi zinazofundishia ugonjwa huu ni za ngozi nyeupe, na mwanafunzi aliyezizoea atampita mgonjwa mwenye ngozi nyeusi bila kugeuka. Kwa hiyo tulitumia alasiri nzima kujifunza pa kutazama: mistari ya kiganja, fizi, sehemu ya ndani ya mashavu, vifundo vya vidole, kovu jipya lililokoza kuliko la zamani. Na picha ya zamani ya mgonjwa mwenyewe, au ndugu aliyemsindikiza asimame karibu naye.

Hapa jozi ya homoni imeandikwa mwilini. Adrenali ikifa, pituitari hupaza sauti, ACTH (homoni yake ya kuiamuru adrenali) inapanda, nayo huzichochea seli za rangi. Pituitari ikifa, ACTH haipo, ngozi haikozi. Mgonjwa wa pili pia hana potasiamu ya juu, kwa sababu aldosteroni, homoni ya adrenali inayotoa potasiamu mwilini, haitegemei pituitari. Mwanafunzi mmoja alisema anaweza sasa kukisia jibu la ACTH akiwa mlangoni mwa wodi. Nilimwambia akisie, kisha apime.

Tiba ya hali mahututi nimeirudia mpaka ikawa kama jina lao: haidrokotisoni (kortisoli ya dawa) miligramu 100 mshipani au kwenye msuli, normo salini kwa kasi, glukosi ikiwa sukari imeshuka, kisha miligramu 200 ndani ya saa 24. Damu ya kortisoli na ACTH itolewe kwanza ikiwezekana, lakini sindano haingoji majibu. Na yule mwenye tezi dundumio iliyolala pamoja na adrenali iliyolala apewe haidrokotisoni kabla ya thairoksini, kwa kuwa thairoksini humaliza haraka hata kortisoli ile chache aliyobaki nayo.

Chanzo wanachokisahau zaidi ni dawa. Mtu aliyemeza prednisoloni, steroidi inayofanya kazi kama kortisoli, kwa miezi kwa ajili ya pumu au baridi yabisi mpaka adrenali zake zikalala, akaiacha ghafla kwa kuwa amepata nafuu. Au anayepaka krimu yenye steroidi kali kila siku bila kujua ndani yake mna nini. Nimewaagiza waseme maneno haya kwa mgonjwa, si "unatumia dawa?" bali "unameza, unapaka, unavuta au unadungwa kitu chochote?" Tofauti ya majibu tuliyopata siku mbili hizi imenishtua hata mimi.

Juma la 6

Mashine ya homoni maabara imeharibika siku nne. Nilikasirika, kisha nikaamua kuitumia nafasi. Juma zima bila kipimo cha homoni hata kimoja: kila mwanafunzi aandike utabiri wake wa TSH na T4 kwa kila mgonjwa wa tezi kwa kutumia mikono na masikio tu, bahasha ifungwe. Karatasi nyepesi juu ya vidole vilivyonyooshwa ili kuona mtetemo. Kope za juu zinazochelewa jicho likishuka. Stetoskopu juu ya tezi kusikiliza mvumo. Kwenye kifundo cha mguu, nyundo: mguu unaruka kwa kawaida lakini unarudi polepole, kama mlango wenye bawaba nzito. Wamemwona mgonjwa mmoja wa namna hiyo na kila mmoja aliomba kugonga tena.

Mashine iliporudi walifungua bahasha. Waliopatia walipatia vizuri. Waliokosea karibu wote walimkosea mzee mmoja aliyekonda na mwenye moyo usio na mpigo sawa, hana mtetemo, hana dalili ya jicho, anasinzia tu. T4 yake ilikuwa juu sana. Wazee huvaa ugonjwa huu kimya.

Kalsiamu nimeipitisha kwa saa moja tu: kalsiamu juu na homoni ya parathiroidi (tezi ndogo za shingoni zinazopandisha kalsiamu) juu, au hata ya kawaida wakati ilipaswa kunyamaza, tatizo ni parathiroidi, kalsiamu juu na homoni hiyo imezama, tafuta saratani na mengineyo. Mraba wa chaki umetosha. Inastahili zaidi ya saa moja.

Juma la 7

Watoto. Nilimwomba daktari bingwa wa watoto aje, akafundisha mambo mawili tu na nashukuru hakuongeza la tatu.

La kwanza, mtoto wa kiume wa siku 12 anayetapika na haongezeki uzito, sodiamu chini, potasiamu juu: amezaliwa na adrenali zisizoweza kutengeneza kortisoli ya kutosha. Maumbile yake ya nje yanaonekana ya kawaida, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka alipozaliwa. Dada yake mwenye tatizo hilohilo angeonekana siku ya kwanza. Anatibiwa kama mwenye maambukizi, na anakufa kwa kukosa haidrokotisoni.

La pili ni damu ya wakati wa tukio. Mtoto ameshuka sukari hadi 2.0 na hakuna anayejua kwa nini. Chupa zinazochukuliwa wakati huo, insulini, C-peptidi, kortisoli, homoni ya ukuaji, ketoni, laktati, amonia kwenye barafu, zina jibu. Dakika 10 baada ya glukosi jibu limefutika, na itabidi mtoto afungishwe kwa makusudi siku nyingine ili litafutwe upya. Mkono unaoweka kanula, mrija wa mshipani, ndio unaotoa damu, na mkono huohuo unasukuma glukosi, mililita 2 za asilimia 10 kwa kila kilo. Tiba haisubiri hata nukta. Kwa mtu mzima mantiki ni ileile. Kongosho likitoa insulini hutoa na C-peptidi kwa idadi sawa; insulini juu na C-peptidi chini, basi insulini imetoka nje ya mwili.

Tumeandaa mifuko midogo yenye chupa hizo na karatasi ya maelekezo, tukaiweka kwenye trei ya dharura. Wanafunzi wenyewe ndio waliobandika karatasi. Juu kabisa wameacha nafasi kubwa ya kuandika saa.

Juma la 8

Mtihani. Vituo 6, hakuna swali la kuchagua jibu. Zile karatasi tatu za juma la 1 nilizirudisha zikiwa zimebadilishwa namba. Kortisoli isiyo na saa: wote 12 waliuliza. TSH na T4 zote chini: mmoja tu aliteleza, akajirekebisha kabla hajatoka. Dharura ya ketoni: hakuna aliyetoa insulini juu ya potasiamu ya 3.2, na hakuna aliyezima dripu kabla ya sindano ya ngozi.

Kituo kilichowaangusha kilikuwa cha tano. Muuguzi mstaafu aliigiza mgonjwa wa tezi iliyolala ambaye dozi imepandishwa mara tatu na TSH bado iko juu. Alikuwa tayari kusema kwamba anameza kidonge asubuhi pamoja na vidonge vya madini ya chuma, lakini aulizwe. Wanafunzi 7 walipandisha dozi mara ya nne. Walikuwa wameshika swali la tatu kwa insulini peke yake. Hawakulihamishia kwenye kidonge. Kidonge hiki kinataka tumbo tupu, na chuma au kalsiamu vikae mbali nacho saa 4.

Hilo ni pengo la ufundishaji wangu. Niliwafundisha kutazama sindano, sikuwafundisha kutazama kidonge. Kundi lijalo litakaa siku nzima kwenye dirisha la dawa na mfamasia, na kila mgonjwa atamwaga mfuko wake wote wa dawa mezani.

Juma la 9, Jumatano

Yule mama wa insulini amerudi. Uniti 34, sukari za asubuhi kati ya 7 na 10, na bonge la kushoto limelainika. Mwanafunzi aliyekuwa amekokotoa 46 ndiye aliyempapasa.

Juma la 9, Ijumaa

Simu iliita usiku wa manane. Ni yule mwanafunzi aliyenifuata mlangoni siku ya kwanza, yuko zamu na daktari wa usiku. Msichana mmoja, si mgonjwa wa kisukari, ameletwa akitetemeka na kuweweseka, sukari 2.1.

"Mmempa glukosi?"

"Tayari, Daktari, amezinduka. Lakini wakati wa kuweka kanula nilichukua mfuko wa kwenye trei. Nimejaza chupa zote. Saa 9 na dakika 10 usiku, nimeiandika kwenye kila chupa."

Nilimuuliza kuhusu dawa. Alisema ameshaanza: anameza, anapaka, anavuta, anadungwa. Bibi yake, waliyekuja naye, anatumia vidonge vya kisukari, na sasa wanasubiri mtu alete mfuko wa dawa kutoka nyumbani. Nimewaambia sukari ipimwe kila saa, asiruhusiwe kuondoka leo, na sampuli itunzwe kwa kipimo cha vidonge vya kisukari kwenye damu.

Chupa zimepokelewa maabara saa 9 na nusu. Insulini na C-peptidi vitasomwa Jumatatu.